Mbuga ya Katabi: Habari za Thamani ya Nchi kwa Watu wa Mpanda, Zamani na Sasa

1. Neno na nchi yenyewe

Neno mbuga ni fupi, lakini limebeba mizigo mingi. Kwa asili yake ni uwanda wa majani wenye udongo mweusi, unaofurika maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mkulima wa Majimoto akilitaja, shauri lake ni mpunga. Mchungaji wa Kisukuma akilitaja, anafikiri malisho yatakayookoa ng'ombe wake mwezi wa Oktoba. Mtu wa mjini akisema kwamba ameazimu kwenda mbugani, twajua kuwa anakwenda kuwatazama tembo na viboko, kisha atarudi na picha. Na mzee wa Kipimbwe au wa Kibende, ambaye babu zake walikaa kando ya uwanda huo kabla ya hao wote, hakosi kukumbuka kwamba mbuga hii ina mwenyewe, na jina lake ni Katabi. Wageni walilitamka Katavi, na hivyo ndivyo linavyoandikwa leo katika jina la ziwa, la hifadhi ya taifa, na la mkoa uliotengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda.

Siku hizi watu hao wanne hukutanishwa katika mikutano ya kujadili mazingira na maendeleo. Kila mmoja huondoka akinung'unika kwamba wenziwe hawajui thamani ya nchi. Sisi twaona kwamba nung'uniko hilo si la haki. Hakuna hata mmoja wao asiyeithamini mbuga. Kila mmoja aithamini kwa sababu yake, na sababu zote ni za kweli. Wanalogombania hasa ni jambo jingine, nalo ni la kale kuliko mikutano hiyo: ni nani anayeombwa ruhusa, na ni nani anayejibu nchi inapoharibika. Katika makala haya twataka kulifuata jambo hilo tangu siku za wazee mpaka siku zetu, ili wasomaji waone lilivyobadilika.

2. Mwenye mbuga

Husimuliwa kwamba Katabi alikuwa mwindaji hodari, naye alipokufa roho yake ilikaa katika mti wa mkwaju ulio karibu na ziwa lile lenye jina lake. Watu walikwenda mtini hapo na sadaka zao, wakaomba mvua, au mawindo mema, au afya ya watoto. Desturi hiyo haikwisha, na wageni waendao kuitazama hifadhi huonyeshwa mkwaju huo. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kuziacha sadaka hizo, na hatuandiki ili kuzirudisha. Lakini mtu anayetaka kujua jinsi wazee walivyoithamini nchi hana budi kutazama yaliyokuwa chini ya sadaka ile.

Chini yake mlikuwa na sheria. Mwenye kutaka kuingia porini kuwinda, au kurina asali, au kufyeka shamba jipya, hakuuliza kwanza faida yake ni kiasi gani. Aliuliza, Nimwombe nani? Palikuwa na mtu wa kuombwa. Katika Upimbwe alikuwa mwene, katika Ukonongo alikuwa mtemi, na chini yao palikuwa na wazee wa mahali waliojua chemchemi ipi isiguswe na kilima kipi kisikatwe miti. Tembo alipouawa, pembe iliyoangukia ardhini ilikuwa haki ya mwenye nchi, na ya pili ilikuwa ya mwindaji. Ndiyo desturi iliyoenea katika nchi nyingi za pande hizi za Afrika. Ngozi ya simba na ya chui ilipelekwa kwa mtawala. Wawindaji wa tembo nao walikuwa na chama chao, ambacho kwa Wanyamwezi na jamaa zao kiliitwa cha Wayege, chenye mafunzo, dawa na miiko yake. Asiyefundishwa hakuingia.

Tusiseme, kama wanavyosema wengine leo, kwamba wazee walikuwa walinzi wa mazingira. Neno hilo hawakulijua, na haja yao ilikuwa nyingine. Lugha yetu yenyewe yatoa ushahidi, maana kwa Kiswahili cha kale nyama ni yule atembeaye porini, na nyama ndiyo iliyo chunguni. Jina ni moja. Warina asali wa Ukonongo na Ubende waliubambua myombo gome lake ili watengeneze mzinga, na mti ule ulikufa. Porini walichoma moto kila mwaka. Lakini mti ulikuwa mmoja kati ya maelfu, na watu walikuwa wachache, na kila aliyekata alijulikana kwa jina. Hicho ndicho kiini cha desturi ile: haikukataza matumizi, bali ilikataza matumizi ya mtu asiyejulikana.

3. Pembe, bunduki, na tembo wa Bara Hindi

Desturi hiyo ilianza kulegea kabla Wazungu hawajaitawala nchi. Misafara ya pwani ilipofika Tabora na kupita Ukonongo kuelekea ziwa la Tanganyika, pembe iligeuka. Zamani ilikuwa heshima ya mtawala. Sasa ikawa bei ya bunduki, nguo na baruti. Mwenye bunduki nyingi alipata pembe nyingi, na mwenye pembe nyingi alipata bunduki zaidi. Mirambo wa Urambo na wenziwe walijenga enzi zao kwa njia hiyo, na watemi wadogo walilazimika kuwafuata au kuliwa. Hivyo pembe ile ya ardhini, iliyokuwa alama ya kwamba nchi ina mwenyewe, ikawa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Mwaka 1879 ikatokea ajabu moja ambayo yafaa ikumbukwe. Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kilikuwa kimemtuma Kapteni Cambier ajenge kituo Karema, ukingoni mwa Tanganyika. Wapagazi walikuwa ghali na wagumu kupatikana, basi mfalme akanunua tembo wanne waliofugwa Bara Hindi, wakateremshwa Msasani karibu na Dar es Salaam, waje kuchukua mizigo na, kama ingewezekana, kuwafunza tembo wa Afrika kazi hiyo. Kiongozi wao alikuwa Mwingereza, Frederick Carter. Tembo mmoja tu alifika Karema. Wengine walikufa njiani, naye hakuishi sana baada ya kufika. Katika mwezi wa Juni 1880 Carter mwenyewe pamoja na mwenzake Cadenhead waliuawa katika Upimbwe, vita vya Mirambo na rafiki zake vilipoukumba mji walimokuwa.

Kisa hicho chatufundisha jambo. Katika miaka hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo, tembo alikuwa ni sadaka na heshima kwa mwene, ni pembe kwa mfanyabiashara, na ni punda mkubwa wa mizigo kwa mfalme aliyekaa Ulaya. Wote watatu walimthamini tembo. Aliyeamua mambo alikuwa yule mwenye nguvu ya kumfikia. Kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na habari za tembo wa Bara Hindi zikabaki hadithi.

4. Mahame

Mgeni aingiaye leo katika hifadhi ya Katavi huambiwa kwamba anaiona Afrika kama ilivyoumbwa, nchi ambayo mkono wa mtu haukuigusa. Wenyeji wakisikia maneno hayo hustaajabu, maana wao hulijua neno mahame. Hame ni mahali palipokuwa kijiji na watu wakapahama. Mahame ya Wapimbwe, Wabende na Wakonongo yamo ndani ya misitu ambayo mgeni aiona mitupu.

Namna misitu hiyo ilivyopata kuwa mitupu ni hii. Kuanzia mwaka 1890 hivi, sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe na nyati kwa wingi mno. Zikafuata njaa, ndui, na vita vya kuingia kwa Wadachi. Kisha vita kuu ya 1914 hadi 1918 iliyowachukua wanaume kuwa wapagazi, na homa ya mafua iliyowaua waliosalia nyumbani. Mashamba yaliporudi kuwa vichaka, mbung'o walirudi navyo. Katika mwaka 1922 ugonjwa wa malale wa namna ile kali ulitambuliwa katika Tanganyika, huko Maswa, na baadaye ukaonekana katika nchi za magharibi. Serikali ya Waingereza ikaamua kwamba watu wanaokaa wametawanyika msituni wakusanywe pamoja, wafyeke vichaka pande zote, ili mbung'o wakose kivuli. Ndivyo watu wa misitu ya nchi hii walivyohamishwa katika miaka ya 1920 na iliyofuata.

Hatusemi kwamba shauri hilo halikuwa na sababu. Malale huua, na katika makao hayo mapya watu walipata dawa, na shule nyingi zilifuata. Lakini tazama lililotokea kwa nchi iliyoachwa. Mzee aliyejua chemchemi ipi isiguswe alikaa sasa mbali nayo. Ruhusa ya kuingia msituni ilitoka ofisini. Wadachi walikuwa wamekwisha kuutenga uwanda wa Katavi kwa ajili ya wanyama mwaka 1911. Waingereza wakaufanya Pori la Akiba la Rukwa mwaka 1932, na mkubwa wa kazi hiyo watu walimwita Bwana Nyama. Mwindaji ambaye baba yake alipeleka pembe ya ardhini kwa mwene, yeye akiua pofu mmoja kwa ajili ya watoto wake aliitwa mwizi. Na mwenye leseni, aliyelipa fedha, aliua na kuondoka na vichwa vya wanyama akavitundike ukutani kwao.

Neno pori la akiba ni zuri. Akiba ni kitu kilichowekwa ili kije kitumiwe siku ya haja. Lakini kila mwenye kuweka akiba ajua ni ya nani. Katika akiba hii wenyeji hawakuambiwa kama wamo au hawamo. Ndiyo sababu huko kusini, katika pori la Selous, watu walitunga msemo wa shamba la bibi, wakisimulia kwamba Kaiser wa Udachi alimpa mkewe pori lile kuwa zawadi. Iwe kweli au isiwe, msemo umeenea Tanzania nzima, na maana yake ya leo ni mali ambayo kila apitaye huchuma, kwa kuwa haina mtu wa kuuliza.

5. Risasi, reli, na makazi ya Katumba

Thamani nyingine ilitoka chini ya ardhi. Katika miaka ya 1930 madini ya risasi yaligunduliwa karibu na mahali ulipo mji wa Mpanda. Baada ya vita ya pili kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua mgodi, na reli ikajengwa kutoka Kaliua, katika njia ya kati, mpaka Mpanda. Watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi, na mji ukakua katikati ya miombo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Yaani kazi iliyojenga mji na reli haikudumu zaidi ya umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Risasi ilikwenda ng'ambo. Reli ikabaki, ikachukua mbao za mninga, asali, nta, tumbaku na nafaka. Hapo tunajifunza kwamba nta ya nyuki, ambayo wakubwa waliihesabu kuwa mali ndogo ya watu wa porini, iliuzwa kabla ya mgodi na ikaendelea kuuzwa baada yake.

Uhuru ulipokaribia, katika mkutano wa Arusha wa Septemba 1961, Julius Nyerere alitangaza kwamba wanyama wa porini na makao yao ni uzuri wa kustaajabiwa na pia ni sehemu ya riziki na maisha mema ya watu wa Tanganyika katika siku zijazo. Mambo hayo mawili, uzuri na riziki, aliyaunganisha katika tangazo moja. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu. Sababu zake zilijulikana, na wengi walifurahi; lakini kwa upande wa nchi na misitu, jina la mwisho la mtu wa kuombwa lilifutwa, na mahali pake pakawekwa serikali, ambayo ni kubwa mno kuonekana na mtu aliye kijijini.

Katika miaka ya 1970 serikali hiyo ilifanya mambo mawili makubwa katika nchi ya Mpanda. La kwanza, iliwapa hifadhi watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ikawaweka Katumba, na baadaye, mwaka 1978, ikafungua Mishamo. Waliingia katika msitu wenye mbung'o wakiwa na majembe na mashoka, wakaugeuza kuwa mashamba ya mihogo, mahindi, maharage na tumbaku, hata wakailisha nchi iliyowapokea. Watu 162,000 hivi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. La pili, mwaka 1974 sehemu kubwa ya pori la akiba ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na katika miaka ya 1990 ikapanuliwa hadi kilometa za mraba 4,471. Basi msitu mmoja ulifyekwa ili watu waishi, na msitu wa jirani yake ulifungwa ili watu wasiishi. Mambo yote mawili yalitendwa kwa wema na kwa ajili ya taifa. Lakini yote mawili yaliihesabu nchi ile kuwa tupu.

6. Mto Katuma

Sasa tufike katika jambo ambalo latuuma kuliko yote. Mto Katuma hutoka katika milima iliyo magharibi ya Mpanda, hupita vijijini, huingia hifadhini na kulilisha ziwa Katavi, kisha uwanda wa Katisunga, kisha ziwa Chada. Kutoka hapo maji hushuka kwa mto Kavuu, hupita nchi ya Mpimbwe, na kumalizikia katika ziwa Rukwa. Maisha ya uwanda wote yamo katika mto huo mmoja.

Wazee wanakumbuka maji yakitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 kiangazi kimekuwa kikiukata mto. Viboko hukusanyika kwa mamia katika vidimbwi vya tope, hupigana na hufa; mamba hujificha katika mapango ya kingo wakingoja mvua. Wageni hulipa fedha nyingi kuja kuona tamasha hilo, na wengine huandika kwamba ni ajabu ya maumbile. Mwenyeji akiona hulia, kwa sababu ajua ni dalili ya kiu.

Maji yamekwenda wapi? Sehemu imekwenda katika mpunga. Watu waliofika kutoka Usukuma na kwingineko, pamoja na wenyeji wenyewe, walijenga vizuizi na mifereji juu ya hifadhi, wakalima mpunga katika udongo mweusi uleule. Ni haki kuwasikiliza. Kwa mpunga huo wamejenga nyumba za matofali, wamelipa ada za shule, wamenunua dawa. Watu waliambiwa miaka mingi walime kwa bidii. Walipolima, waliambiwa wanaharibu. Sehemu nyingine ya maji imepotea katika vilima vilivyofyekwa miti kwa mashamba na mkaa, maana mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu hukimbia siku moja badala ya kuingia chini na kutoka kidogo kidogo.

Watu wa hifadhi husema kwamba tembo na kiboko hawana msemaji, na kwamba fedha za wageni zitakoma uwanda ukikauka. Hayo nayo ni kweli. Lakini tumesikia mara chache watu wakimtaja yule aliye chini kabisa, mkulima wa Mpimbwe. Yeye hakai juu ya hifadhi bali chini yake. Maji anayoyangoja ni yale yaliyokwisha kupita kwa mkulima wa juu na kwa kiboko. Kwake yeye hifadhi si adui; uwanda ukiwa na maji, naye ana maji. Ugomvi huu si wa watu na wanyama, kama unavyosimuliwa. Ni ugomvi wa wa juu na wa chini. Mpaka wa hifadhi ulichorwa kwa mstari, na maji hayafuati mstari.

Wasukuma nao wamelaumiwa kupita kiasi. Kwao wana neno ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili yaokoe ndama na ng'ombe wagonjwa wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilipofufuliwa katika mkoa wa Shinyanga kwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986, nchi iliyokuwa jangwa iliota miti tena. Kwa nini basi ngitili haikuhamia Katavi pamoja na ng'ombe? Kwa sababu ngitili si uzio. Ni kikao cha wazee kinachotoza faini na majirani wanaoijua mipaka. Mtu akihama peke yake huchukua ng'ombe na neno. Kikao hubaki nyuma. Alikofika alikuta nchi ambayo kikao chake kilikuwa kimevunjwa zamani, akaifanya kama shamba la bibi, na wenyeji walifanya vivyo hivyo.

7. Miti inayolipwa isimame

Tangu mwaka 1987, Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipotoa taarifa yake, mataifa yamejifunza kusema juu ya maendeleo endelevu: watu wa leo wapate haja zao bila kuwanyima watakaozaliwa. Maana hiyo ni njema. Katika nchi yetu zikafuata sheria zilizorudisha sehemu ya mamlaka kijijini: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo kwayo kijiji chaweza kuwa na msitu wake na kuulinda kwa sheria ndogo zake.

Katika wilaya ya Tanganyika, kwenye milima ya Ntakata wakaamo sokwe, vijiji vinane, kati yake Lugonesi, Mwese, Bujombe na Katuma, vimefanya shauri jipya pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Msitu wa hekta zaidi ya 200,000 umewekwa chini ya ulinzi wa vijiji. Hupimwa hewa ya ukaa ambayo ingetoka kama miti ingekatwa, na makampuni ya mbali yanayochafua hewa hulipa ili miti ile isimame. Vijiji vimepata mabilioni ya shilingi. Vimejenga zahanati na madarasa, vimewalipa walinzi wao, na kuwakatia watu bima ya afya.

Wako wanaolisifu jambo hili bila kipimo, na wako wanaosema kwamba ni pembe za ndovu za siku hizi, bidhaa nyingine yenye bei ipangwayo Ulaya, itakayoshuka kama ilivyofungwa risasi. Sisi twaona kwamba hofu hiyo ni ya busara. Hewa haionekani, na mnunuzi wake haonekani. Bei ikianguka, je, msitu utakuwa hauna thamani tena? Lakini twaona pia jambo ambalo wenye kusifu hawalisemi. Fedha zile huletwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, hesabu husomwa, mlinzi wa msitu ni mtoto wa fulani, na akikosa, wajulikana wa kumwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu mahame yalipoanza, lile swali la kale, Nimwombe nani?, lina jibu ambalo mtu aweza kulifikia kwa miguu. Hilo lina thamani kuliko fedha, na kama fedha zikikoma, hilo ndilo la kulishika.

Tena milima hiyo ndiyo mama wa mto Katuma. Mti usimamao huko juu humpa maji mkulima wa mpunga, na kiboko, na mtu wa Mpimbwe. Lakini fedha za hewa hulipwa juu, na kiu huwapata wa chini, nao hawana kikao kimoja. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa hutoa vibali, hifadhi ina askari wake, na vijiji vina serikali zao. Kila mmoja ajua kipande chake cha mto. Kinachokosekana ni baraza la mto mzima, ambamo mtu wa Mwese na mtu wa Mpimbwe watakaa katika mkeka mmoja, na kila mmoja kumjua aliyemkatia maji kwa jina lake.

8. Maneno ya mwisho

Kwa jina la serikali nchi hii huitwa maliasili. Neno hili limeunganishwa vizuri, mali na asili. Wazee wetu walikuwa na methali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi wamekwisha kuiandika mali ya Katavi katika daftari zao: mwenye pembe, mwenye risasi, mwenye mpunga, mwenye watalii, mwenye hewa. Daftari ya wenyeji haikuandikwa kwa wino. Ilikuwa katika majina ya chemchemi, katika miezi ya kuchoma moto na miezi ya kuuzima, katika miti isiyokatwa, na katika maneno ambayo Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Watongwe waliyatumia kwa kila namna ya maji na kila namna ya msitu.

Waliobaki wenye kuyajua ni wazee sana. Twawaomba walimu wa Mpanda, Inyonga, Karema, Usevya na Mwese, wakati wa likizo, wakae na wazee hao na kuyaandika majina hayo pamoja na mahali pake: chemchemi ipi, jina lake nani, nani aliyeilinda, na lini ilikauka. Siku baraza la mto Katuma litakapokaa, kila mtu atakuja na karatasi yake, nasi twataka karatasi hiyo nayo iwe mezani.